Kamyoneti Nyuma ya Magodoro

Asubuhi ile niliondoka Lac Vert bila mpango wowote. Nilikuwa nikilala kwa binamu yangu, na mke wake alikuwa ameanza kufagia chini ya miguu yangu kabla sijamaliza chai. Mtu akifagiwa hivyo hahitaji kuambiwa neno. Nilivaa shati langu la pili juu ya lile la kwanza ili mikono ibaki mitupu, nikaaga, nikatoka barabarani. Kushoto ni Sake, kulia ni Goma. Nilichagua Goma kwa sababu lori la makaa lilipita likielekea huko, na juu ya magunia alifungwa jogoo mweupe aliyekaa kama mkubwa wa mkoa. Nilitaka kujua anapelekwa kwa nani.

Mambo mengi ya maisha yangu nimeyaamua hivyo. Shule niliiacha mapema. Mwalimu alichoshwa na maswali yangu, nami nikachoshwa na majibu yake, tukaachana bila ugomvi. Tangu hapo nilichunga ng'ombe wa watu kule Masisi, nikauza mayai ya kuchemsha, nikabeba saruji, na kila mahali niliondoka kwa sababu kulikuwa na kitu mbele ambacho sikuwa nimekiona bado.

Jogoo alinipotea mjini kwenye msongamano wa magari. Niliendelea kutembea tu, na miguu ikanifikisha Mapendo.

Tangu mlima wa volkano ulio juu ya mji umwage moto wake mjini, sehemu nyingi za mtaa ule barabara iko juu kuliko nyumba. Moto ulipita, ukapoa, ukawa mawe meusi, watu wakasawazisha na kutembea juu yake. Nyumba zilizoponea pembeni zilibaki chini, hata mpita njia anaweza kukusalimia huku akitazama paa lako. Watu wamejenga ngazi za kushukia milangoni mwao na wamezizoea.

Lakini kwenye kiwanja kimoja sikuona ngazi. Niliona njia. Ilikuwa njia ya mawe ya mlima, pana ya kutosha gari, imepangwa kwa ustadi mkubwa, ikishuka kutoka barabarani hadi kwenye mlango wa chuma wa garaji. Mlango ulikuwa na mnyororo na kutu. Na juu ya njia ile nzuri mmea wa maboga ulikuwa umetambaa kutoka upande hadi upande, na boga moja kubwa limekaa katikati kabisa, mahali ambapo gurudumu lingepita.

Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa pembeni akigongagonga jiwe kwa nyundo ili likae vizuri. Nikasimama.

"Muzee, hii njia inapitisha nini?"

"Gari."

"Gari iko wapi?"

Akanionyesha mlango wa garaji kwa nyundo, akaendelea na jiwe lake.

Mke wake akatokea jikoni, mama mnene mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio mbali. "Usimuulize habari ya gari," akaniambia. "Atakueleza mpaka jioni. Weye uko na kazi?"

"Sina, Mama."

"Nguvu uko nazo?"

"Kidogo."

"Basi shuka. Tunatafuta watu wa kutoa vitu."

Nikashuka kwa kuruka boga. Chini nilimkuta kijana mwingine ameegemea chukudu yake, ule usafiri wetu wa mbao wenye magurudumu mawili na usio na pedali, unaobeba kila kitu kutoka kabeji hadi jeneza. Alikuwa tayari katikati ya mabishano ya bei na Mama.

"Mama, kwa garaji sawa hii, kule chini walinipa dola ishirini."

"Haujaiona ndani. Mlango umefungwa."

"Nimeona mlango. Mlango kama huu haufichi vitu vidogo."

"Kumi, kwa nyinyi wawili, na maharagi saa sita."

"Na kinywaji?"

"Maji iko."

Walipofika kumi na mbili wakasimama, na mimi, ambaye hakuna aliyekuwa ameniuliza, nikauliza, "Lakini ndani kuna nini hasa?"

Mama akanitazama, kisha akamtazama mwenye chukudu. "Umesikia? Huyu anataka kuona. Mutu anayetaka kuona, sehemu ya mshahara wake ni kuona. Weye utachukua saba, yeye tano."

Mwenye chukudu akakubali haraka sana. Ndivyo nilivyojua bei ya swali moja Mapendo.

Habari ya garaji ile Mzee alinieleza mwenyewe, na hakuchukua hadi jioni. Alikuwa shofere wa miaka mingi wa njia ya Rutshuru, na kwa akiba yake alinunua kamyoneti, gari dogo la mizigo, ya mtumba, nyeupe, ya dizeli. Waasi walipoingia mjini, gari lililoonekana liliombwa na watu wenye bunduki, na gari lililoombwa halikurudi. Mzee akaiingiza kamyoneti garajini, akang'oa magurudumu, akaiweka juu ya mawe. Mbele yake akapanga ukuta wa takataka: vitanda vilivyovunjika, bati, kabati lisilo na milango. Askari walipokuja kufungua waliona takataka, wakafunga.

Majirani nao waliona. Wakati wa kukimbia ulipofika, wakawaza kwamba garaji iliyofunguliwa na askari ikafungwa tena bila kuibwa kitu ni mahali pa heri. Wakaleta magodoro yao. Kisha ukaja moto wa mlima, ukateketeza nyumba za juu, ukashuka na avenyu, ukafika kwenye ukuta wa kiwanja cha Mzee, ukageuka. Kuanzia siku ile hapakuwa na ubishi. Nyumba iliyokwepa waasi ikakwepa na moto ndiyo ya kuwekea vitu. Kila uvumi ukija, wanaleta. Uvumi ukiisha, wanachukua vichache, na vingine wanasema, "Mama, vikae kwanza." Kamyoneti ikazama huko nyuma kama jino lililomezwa na mtoto. Mzee akaanza kuipangia njia ya mawe ya kutokea, na mtaa mzima ukamcheka.

"Na sasa mnaitaka kwa nini?" nikauliza.

Mama ndiye aliyejibu.

Binti yao alikuwa ameolewa Kalengera, huko juu kwenye barabara ya Rutshuru. Siku ya kupanga mahari, wageni wakiwa wamekaa, Mzee alitaja kamyoneti yake. Baba wa bwana harusi akatazama nje, hakuona kitu. Akasema kwa upole, "Bamwana, hata mimi niko na ndege. Nimeificha nyuma ya ndizi." Bamwana ndivyo wazazi wa pande mbili za ndoa wanavyoitana kwetu, na utani kati yao unaruhusiwa. Watu wakacheka, Mzee naye akacheka. Lakini neno lile lilipanda na wageni hadi Kalengera na halikushuka tena. Kule, mtoto akisema uongo, mama yake alimwambia, "Hiyo ni kamyoneti ya Goma." Binti yao alilisikia kisimani. Alilisikia sokoni. Mume wake mwenyewe alilisema siku moja, akajikuta analala bila kula.

Sasa binti alikuwa amezaa. Ilibidi waende kumhemba, yaani wampelekee mzazi na mtoto mchanga chakula, maziwa na bia ya mtama, wakae naye, wamsifu mtoto. Siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi ile. Na Mzee alikuwa amesema atakwenda na kamyoneti au hatakwenda kabisa.

"Babu asipotokea kumhemba mjukuu wake wa kwanza," Mama akasema, "mtoto yangu atasikia kitu gani tena kisimani?"

Tukafungua mlango. Vitu vilijaa kutoka sakafuni hadi kwenye bati, vimebanana hivi kwamba mlango ulipofunguka hakuna kilichoanguka. Mwenye chukudu akavitazama kwa muda mrefu. "Mama," akasema, "kumi na mbili ilikuwa bei ya mlango."

"Maharagi nitaongeza," akasema Mama.

Nilidhani kazi ya kuondoa vitu ni kuondoa vitu. Sikujua sheria ya amana. Kitu cha mtu ulichoachiwa hukitupi, hukiuzi, wala hukitoi nje ya mlango kabla mwenyewe hajaambiwa. Kwa hiyo kila kilichotoka, Mama alikitambua, akamtuma mtu akamwite mwenyewe, na mwenyewe alipofika ilibidi akaribishwe. Huwezi kumwambia mtu aliyekuja kuchukua meza yake kwamba asimame mlangoni kama mdai. Alipewa kiti, mara nyingi kiti chake mwenyewe, akapewa chai yenye sukari, akaulizwa habari za watoto, za waliohama, za waliorudi. Ndipo akageuka kuitazama meza.

"Mama, hii meza ilikuwa na miguu minne."

"Na weye ulikuwa na watoto wawili. Sasa una sita. Mambo yanabadilika. Kunywa chai."

Sukari iliisha siku ya kwanza. Mwenye chukudu aliona ni adabu kukaa kunywa na kila mgeni, hivyo kazi ya kubeba ikabaki kwangu, ambaye ndiye niliyelipwa kwa kuona. Niliona mengi. Niliona mashine ya kushona iliyokuwa na kiota cha panya badala ya bobini, na baiskeli iliyoachwa na tairi ikakutwa bila tairi, na mwenye nayo akimtazama Mama, na Mama akitazama angani. Wanawake wawili waliigombania sufuria moja, kila mmoja akiapa kwa marehemu mama yake, mpaka Mzee akaigeuza na kuonyesha kwamba ina tundu. Baada ya hapo kila mmoja akakumbuka kwamba ya kwake ilikuwa kubwa zaidi.

Wapo waliokuja, wakanywa chai, wakakipapasa kitu chao kwa huzuni, wakasema, "Mama, kwangu hakuna nafasi. Kiache mwaka huu." Hao ndio waliomchosha Mama kuliko wote. Jioni alikaa jikoni akihesabu si tulivyotoa bali alivyotumia: sukari, majani ya chai, mkaa, karanga, na faranga za mtoto aliyekuwa akitumwa kuita watu. "Nyinyi wawili," akatuambia, "ni rahisi. Ni vitu vyenyewe ndivyo vinanimaliza."

Mzee hakunywa chai na mtu. Kila tulipofungua tundu jipya katika ukuta wa vitu, alikuja na tochi, akachungulia, akarudi kwenye mawe yake. Siku tulipofikia taa ya mbele, aliigusa kwa kidole kimoja, akajifuta kidole kwenye suruali, akasema, "Vumbi tu." Tangu hapo alilala chini ya gari zaidi ya kitandani. Magurudumu tuliyakuta chini ya bati. Betri ilikuwa kwa kinyozi wa avenyu ya pili, ambaye alikuwa akiitumia kwa mashine yake ya kunyolea tangu vita, na aliirudisha akilia kwamba sasa watu watanyolewa upande mmoja.

Ijumaa asubuhi kilichobaki mbele ya gari kilikuwa ni magodoro. Yalikuwa ya familia za juu ya avenyu, watu ambao Mama alijua wakija kunywa chai watayaacha. Akaamua kwamba safari hii amana itarudishwa nyumbani kwa mwenyewe, apende asipende. Tukayapanga kwenye chukudu, sita kwa urefu, tukafunga kwa kamba, juu tukaweka masufuria na beseni. Mwenye chukudu alishika usukani, mimi nikasukuma nyuma, Mama akafuata na furushi la nguo kichwani na kuku wa jirani, ambaye alikuwa ameingia garajini kutaga, chini ya kwapa.

Nataka nieleze vizuri jambo hili, kwa sababu baadaye kila mtu alilieleza kwa namna yake. Avenyu inapanda. Chukudu iliyopakiwa hivyo haisimami mlimani, ikisimama inarudi. Kwa hiyo hatukusimama. Kichwa changu kilikuwa ndani ya godoro. Mwenye chukudu hakuwa na pumzi. Mama alikuwa amefunikwa na furushi la nguo hadi mdomoni. Fundi mmoja wa cherehani aliyekuwa anafungua kibanda chake akatuuliza, "Mama, kuna nini?" Na hakuna aliyemjibu.

Katika mji mwingine mtu huyo angesema hawa hawana adabu. Katika mji wetu, ukiona Mama wa nyumba ya heri, ambaye kila mtu huweka vitu vyake kwake, yeye mwenyewe anatoa magodoro asubuhi mapema, hasalimii, na ana kuku kwapani, huna haja ya kuuliza mara ya pili. Fundi akafunga kibanda. Nyuma yetu nikasikia mlango, kisha mlango mwingine. Tulipofika juu na kutua mzigo, niligeuka nikaona avenyu yote imetoka nje.

"Ni mlima," alisema mmoja akitazama juu, ambako kulikuwa na wingu kama kila siku.

"Si mlima. Ni wale wenye bunduki wa upande wa Sake."

"Nani kakuambia Sake? Watu wanakimbilia Sake."

Na kweli wengine walikwisha kushika njia ya kwenda Sake na godoro kichwani, kwa sababu waliamini ni mlima, na wengine walikuja kutoka huko huko wakielekea mpakani, kwa sababu waliamini ni vita. Wakakutana kwenye njia panda wakatazamana. Kila upande ukauambia mwingine, "Mnakwenda wapi, huko ndiko kuko hatari." Mwanamume mmoja aliyebeba mlango wake mwenyewe, ameung'oa na bawaba zake, alisimama katikati akageuka huku na huko na mlango ukageuka naye, ukiwapiga watu.

Mama alipoelewa alitupa furushi la nguo chini. "Hakuna kitu," akasema kwa ile sauti yake. "Ninasafisha garaji. Nakwenda kuhemba."

"Anakwenda kufanya nini?"

"Anasema anahama."

Tukakimbia kushuka kwa Mama. Na huko tukakuta kile ambacho nilipaswa kukitarajia. Watu ambao hawakwenda Sake wala mpakani walifanya walivyozoea kufanya. Kiwanja kilikuwa kimejaa magodoro, redio, mabeseni, magunia ya maharagi, kitanda cha watoto, na mashine ile ile ya kushona niliyoitoa mwenyewe na panya wake. Walikuwa wamepanga mstari mlangoni mwa garaji. Na mbele ya mstari, akiwa amepanua mikono kama kipa, alisimama Mzee akiwazuia wasizike kamyoneti yake mara ya pili.

Mama akaeleza. Akaeleza tena. Mwishowe mwenye chukudu, ambaye pumzi ilikuwa imemrudia, akapanda juu ya gunia na kueleza kwa namna ya kuchekesha, akimwiga Mama na kuku, na hapo ndipo watu walipoamini, kwa sababu hakuna anayefanya mzaha namna ile moto ukija. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, wengine wakakasirika kwamba wamefunga vibanda bure.

Mzee akautumia wakati ule. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Kwa kuwa mko hapa nyote," akasema, "sukumeni."

Nilikata boga mwenyewe, Mama akalipeleka jikoni. Mzee akaingia kwenye usukani, amevaa koti. Watu walijaza nyuma na pembeni mpaka gari halikuonekana, wakasukuma, na kamyoneti ikatoka gizani polepole ikiwa na utando wa buibui kwenye vioo, ikashika njia ile ya mawe iliyochekwa na mtaa mzima, na hakuna jiwe lililosogea. Ilipofika juu barabarani, Mzee aliigeuza kuelekea ziwani, kwenye mteremko, akaachia breki. Ikashuka kimya. Ikatoweka kwenye kona. Tukasubiri. Mama alikuwa ameshika mdomo. Kisha tukasikia kikohozi, kikohozi kingine, na moshi mweusi ukapanda juu ya mapaa, na yule mtu mwenye mlango, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anarudi, akautazama moshi akageuka na kukimbia tena.

Mzee aliporudi akiendesha, watu walipiga makofi. Halafu wakatazama nafasi iliyobaki garajini, kubwa, tupu, imefagiwa.

"Mama," akasema fundi wa cherehani, "kwa kuwa tumekwisha kuvileta, vikae mpaka Jumapili. Mutu hajui."

"Kabisa," wakasema wengine. "Mutu hajui."

Na kabla ya saa sita garaji ilikuwa imejaa hadi kwenye bati.

Hapo tukaomba pesa zetu. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni akimenya boga. Alitutazama, akatazama garaji, akatutazama tena.

"Niliwaita mutoe vitu. Vitu viko wapi?"

"Mama, hivi ni vingine," akasema mwenye chukudu.

"Mashine ya kushona ni ile ile."

"Hiyo moja ni ile ile. Lakini tuliitoa. Iliingia yenyewe."

"Mimi nimelipa chai ya avenyu nzima ili garaji iwe tupu, na sasa imejaa. Wanaotoa ninalipa. Wanaoingiza wananilipa nini?"

Nilikuwa nikifikiria kwamba kwa kweli ni swali zuri. Mwishowe Mama alimpa saba zake, kwa sababu mdomo wake ungemgharimu zaidi mtaani, akamwongezea nusu ya boga. Kisha akanigeukia mimi.

"Weye tano yako itakuwa hivi," akasema. "Ile gari haitafika Kalengera bila mutu wa kuisukuma. Na weye bado haujaona Kalengera."

Alikuwa amenijua ndani ya siku chache tu. Nilikubali.

Jumamosi tuliondoka na vikapu, vibuyu vya bia ya mtama, bidoni la maziwa, na mimi nyuma nikiwa nimeshikilia vyote visimwagike. Barabara inapanda kupita miguu ya mlima, na kila mpando mkali kamyoneti ilifikiri, ikasimama, nikashuka nikaweka jiwe chini ya gurudumu, nikasukuma. Kwenye kizuizi askari mmoja aliizunguka, akauliza imetoka wapi gari ya namna hii. "Nyuma ya magodoro," akasema Mama, na yule askari, sijui alielewa nini, akainua kamba.

Karibu kabisa na Kalengera injini ikafa. Mbele yetu barabara ilishuka moja kwa moja hadi kwenye nyumba za kwanza. Tungeweza kuteleza kimya mpaka mlangoni kwa bamwana. Mama akasema tuteleze. Mzee akakataa. Alikaa na mikono kwenye usukani, akisikiliza. Watoto walikuwa wamekwisha kutuona kutoka chini. "Kimya ni kama kusukumwa," akasema. "Lazima waisikie." Akaniomba nisukume mara moja tu, lakini kwa moyo wote. Nikavua shati la juu, nikaweka bega, nikasukuma mpaka miguu ikaniacha na nikaanguka kifudifudi barabarani. Gari likaniacha. Chini kidogo likakohoa, likanguruma, likatoa moshi kama kiwanda, na Mzee akaingia Kalengera akipiga honi mfululizo, na mimi nikifuata mbio na shati mkononi.

Nilipofika, bamwana alikuwa akiizunguka kamyoneti, mikono nyuma. Aligonga bati. Alifungua mlango, akaufunga. Watu wote wa ukoo walikuwa wamesimama wakimsubiri. Binti alikuwa mlangoni na mtoto, anamtazama baba mkwe wake tu.

"Bamwana," akasema mwishowe, "inakula mafuta mengi?"

"Kidogo," akasema Mzee.

"Basi Jumatatu utanipelekea mahindi Rutshuru."

Binti akacheka kwa sauti, akaingia ndani na mtoto, na wanawake wakapokea vikapu.

Jioni, baada ya kula na kunywa, walikumbuka kwamba na mimi ni mtu. Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Bamwana akaniongoza nyuma, kupita migomba, hadi kwenye ghala la matofali, akafungua mlango na kuinua taa. Magodoro yalisimama kutoka sakafuni hadi kwenye bati. Kando yake palibaki nafasi ya mkeka mmoja.

"Ni ya watu wa huko juu," akasema. "Waliniachia wakipita. Usilalie hata moja, ni amana."

"Na nyuma yake kuna nini, Papa?"

Alinitazama, uso wake haukubadilika.

"Ndege," akasema, akanipa taa.